Chati ya Mkono wa Kushoto

3 Februari

Chiriku mdogo wangu,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Mimi mzima, nyumba nzima, hata yule paka wa jirani anayejidhani ni wangu ni mzima. Mwandiko usikushtue. Naandikia magotini, maana meza ya kukatia vitambaa imejaa mizigo. Duka nimelifunga kidogo, linapakwa rangi. Na usinipigie simu, imeingia maji, fundi anasema haiponi leo wala kesho. Wewe andika tu, kama zamani ulipokuwa bwenini ukiniomba sabuni.

Nina shida. Unaikumbuka ile chati ya Mama Bizari, jirani yetu Mhindi wa ghorofa ya juu? Yale matunda yake ya vipande vidogo vidogo, yaliyokamuliwa ndimu na kunyunyiziwa yale masala yake yenye uchachu, mpaka mtu anakula jicho moja limefumba? Nataka kuitengeneza hapa nyumbani, mwenyewe. Lakini wakati wewe unapanda ngazi kwenda kumtwangia bizari, mimi nilikuwa nimefungwa kwenye cherehani ya mama. Mimi najua kuila tu. Wewe ndiye uliyekuwa jikoni, na sasa unapikia kantini ya kiwanda kizima, kwa hiyo huna pa kukimbilia.

Niandikie kinachoanza na kinachofuata. Usiniandikie "kiasi" na "kidogo" kama mnavyopenda wapishi. Andika kama unamfundisha mtu ambaye hajawahi kushika kisu.

Nina mgeni mwishoni mwa mwezi ujao. Ni mtu mgumu kuridhika, na sitaki aondoke na neno.

Dada yako


12 Februari

Shikamoo Dada,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeketi. Mgeni. Mgumu kuridhika. Duka linapakwa rangi. Na wewe, ambaye tangu nikufahamu chakula chako cha mchana ni mkate na chai pembeni ya cherehani, leo unataka kukata matunda vipande vidogo vidogo. Dada, mimi si mtoto. Ni nani huyo? Anafanya kazi gani? Meno yake ni yake?

Haya, mapenzi hayangoji. Masala kwanza. Chukua bizari nyembamba, vijiko vitatu vya chai, uikaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, bila tone la mafuta. Usiiache hata kama mlango unagongwa. Ikianza kunukia, bado. Ikibadilika rangi ikawa kama mbao ya kabati kuukuu, ipua hapo hapo, kwa sababu ikiungua inakuwa chungu na uchungu huo haufichiki kwa chochote. Iache ipoe, uitwange. Changanya na kijiko kimoja cha unga wa embe mbichi zilizokaushwa, nusu kijiko cha pilipili ya unga, pilipili manga ya kubana kwa vidole viwili, na chumvi nyeusi. Hiyo chumvi ndiyo siri yenyewe. Ukiifungua pakiti utadhani kuna yai limeoza humo ndani. Usiogope. Mama Bizari alikuwa akisema, "Inanuka ikiwa peke yake, kama watu." Chumvi nyeupe haishiki nafasi yake.

Matunda: matufaha mawili, mapera mawili, nusu papai, chungwa, komamanga, zabibu kama zipo. Ndizi kata mwisho zisipate weusi. Kila kipande kiwe saizi moja, mtu akichota kijiko apate matunda matatu manne kwa pamoja. Ndimu ikamulie mara unapomaliza kukata, ila masala nyunyiza wakati mgeni ameshakaa, maana chumvi ikitangulia matunda yanatoa maji, na mgeni wako atapewa supu.

Halafu onja. Mama Bizari hakupima kitu maisha yake yote, alionja. Basi nimevunja sharti lako la vipimo, lakini hapo ndipo penyewe.

Sasa jibu maswali yangu.

Chiriku


20 Februari

Chiriku,

Ulipewa jina lako kwa haki. Nimeomba mapishi, nimeletewa mahari.

Hakuna mchumba. Nimekula chumvi nyingi mno kuanza kufundisha mwanaume mwingine mahali vijiko vinapokaa. Lakini ahsante kwa maelekezo, nimeyabandika ukutani juu ya sinki.

Nina maswali mawili. La kwanza: tunda likishikiliwa na kitu kingine, si mkono, linakatika sawasawa? Fundi seremala wa hapa jirani amenitengenezea ubao wa kukatia. Amepigilia misumari miwili kutoka chini, ncha zimechomoza juu, ukilichomeka tufaha halitoroki. Nimemwambia ni kwa ajili ya usafi. Ni mtu mpole, hakuuliza. Jana alirudi kuukwangua ubao upya kwa sababu aliona kijibanzi ambacho mimi mwenyewe sikukiona. La pili: chumvi nyeusi sijaipata. Sokoni wananiangalia kama nimeomba maziwa ya kuku.

Simu bado.

Dada yako


28 Februari

Dada,

Nilikuwa nimeshaanza barua ya kukutania kuhusu fundi seremala. Nimeichana.

Simu haikuingia maji. Kaka amenipigia hapa kantini, nikaitwa kutoka kwenye masufuria mikono ina unga. Aliniuliza nina maoni gani, kana kwamba najua. Nikamuuliza maoni ya nini. Akasema, "Kumbe hajakwambia." Ndipo akanieleza. Kiharusi. Tangu mwezi wa kumi na mbili. Mkono wa kulia, mguu kidogo, na ulimi. Akasema ulimi sasa umekuwa mwepesi ila wewe hutaki mtu akusikie. Duka halipakwi rangi yoyote.

Mimi nimekaa hapa nikikuuliza meno ya mchumba.

Kaka ameniambia anataka uhamie kwake, chumba kipo, na nyumba yako ipangishwe. Aliniuliza kama nakubali. Nakwambia mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine: nimemwambia akuchukue. Sikusita. Unaishi peke yako na jiko la gesi na visu, na mkono usiosikia. Ukianguka nani atajua? Yule paka?

Najua utakasirika. Kasirika ukiwa salama.

Chiriku


6 Machi

Chiriku,

Nimekaa na barua yako mpaka hasira ikapoa nikaweza kushika kalamu. Hii ni kwa mkono wa kushoto, kama zile mbili za mwanzo. Sasa hakuna haja ya kusingizia magoti.

Nitakueleza mara moja, halafu sitaki turudie. Ilikuwa asubuhi, nakata suruali ya mteja. Mkasi ukaanza kwenda pembeni ya chaki. Nikaurudisha, ukaenda tena. Nikaona ajabu, maana mkono wangu haujawahi kunibishia. Halafu mkasi ukaanguka na mimi nikaufuata. Mteja ndiye aliyepiga kelele. Nilikuwa namsikia vizuri, nataka kumwambia suruali yake haijaharibika, lakini maneno yalitoka kama ya mlevi. Hospitali walinitendea mema. Mazoezi nimefanya, nayaendeleza. Mguu unanifikisha sokoni na kurudi. Mkono unainuka, unaegemea, unazuia, lakini vidole havina habari na dunia.

Sikukwambia kwa sababu nilijua utakachosema. Na umekisema.

Kaka amekuja hapa kila Jumapili tangu nitoke hospitali. Unamjua. Amekagua magari maisha yake yote, amestaafu lakini ukaguzi haujamtoka. Ananizunguka kama basi bovu. Anagusa jiko, anatikisa meza, anauliza, "Na hapa ukiteleza?" Siku moja nilikuwa nachemsha chai, akanitoa birika mkononi. Akasema, "Mkono mmoja hauchinji ng'ombe." Nikamwambia sina ng'ombe. Hakucheka.

Wiki iliyofuata alikuja na maboksi ya kufungashia vyombo. Ameyaweka barazani kama mtu anayeacha kadi ya mwaliko. Hapo nikamwambia akae chini. Nikamuuliza, "Nifanye nini ili uniache kwangu?" Akafikiri, akanijibu kwa sauti ile ya kumfariji mtoto: "Siku utakayonitengenezea kitu mwenyewe, toka mwanzo hadi mwisho, mimi nimekaa naangalia, sijainua kidole, sitasema tena." Alijua hataitwa.

Nimemwita. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu.

Ningeweza kumpikia uji. Ningeweza kuchemsha mayai. Lakini kesho yake angesema, je, kisu? Je, kikaango? Chati ina kila anachokiogopa: ina moto, ina kinu, ina kisu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na zaidi ya hapo, yeye ndiye aliyekuwa akilamba bakuli la Mama Bizari nyuma ya mlango. Nikiikosea atajua. Sitaki anipitishe kwa huruma.

Wewe umeshasema neno lako na hujaficha, nakushukuru kwa hilo. Sasa sikia langu. Nyumba hii nimeishonea kila pazia. Nikiingia gizani mkono wa kushoto unajua ukuta ulipo. Nikihamia kwa Kaka nitakaa kwenye kiti nitakachoonyeshwa, nitaletewa chai kwenye kikombe cha plastiki, na baada ya mwaka hata huu wa kushoto utasahau kazi. Sikuandika kuomba ruhusa. Niliomba chumvi nyeusi.

Dada yako


14 Machi

Shikamoo Dada,

Bado nasema nilivyosema. Usidhani nimegeuka.

Ila jana, wafanyakazi walipomaliza kula, nilifunga mkono wangu wa kulia kwenye mshipi wa aproni, nikachukua papai. Msimamizi wa stoo alidhani nimepigwa na shoti. Papai la kwanza lilikwenda sakafuni. La pili nililikandamiza kwa kiwiko likawa uji. Msaidizi wangu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaona uso wangu, akaacha, akaniletea la tatu.

Nilichojifunza ni hiki. Kila tunda la duara likate kwanza kisahani kidogo upande mmoja, likae kwa tako. Likishakaa ni mtumwa wako. Misumari ya fundi ni mizuri kwa tufaha na pera, lakini papai lililoiva litapasuka, hilo liweke ndani ya bakuli zito, ulichote kwa kijiko kutoka kwenye ganda. Ndizi imenye kwa meno, hakuna aliyekufa kwa hilo, uikate na ganda likiwa limebaki chini kama mkeka. Chungwa lilinitoa machozi, ya ndimu tusiseme. Komamanga lipasue kwenye misumari, ligeuze juu ya bakuli, lipige mgongoni kwa mwiko kama anayemcheulisha mtoto. Kinu kibane katikati ya magoti, na chini yake weka kitambaa cha maji kisizunguke. Kisu kinoe. Kisu butu ndicho kinachokata watu.

Na huo mkono wa kulia, Dada, usiuache karibu na kisu bila kinga. Usipousikia hautakwambia.

Kwenye kifurushi hiki kuna chumvi nyeusi na unga wa embe mbichi. Bizari sijaikaanga, kwa sababu Kaka alisema toka mwanzo, na sitaki apate pa kukushikia. Nimemwomba meneja likizo nije Jumapili hiyo. Kasema atafikiria.

Chiriku


22 Machi

Chiriku,

Kifurushi kimefika kimefunguliwa. Dada wa posta alinikabidhi kwa ncha za vidole, akasema, "Samahani mama, tulidhani kuna kitu kimekufa." Nikamwambia kiko hai, ndiyo kwanza kinaanza kazi.

Nakata kila siku. Paka amekimbia, hali matunda. Nimewagawia watoto wa fundi mpaka mama yao amekuja kuuliza kama naandaa sherehe. Ndiyo, fundi ana mke, na mke ana mwiko, kwa hiyo harusi yako uiweke kabatini.

Juzi nilijikata. Nilikuwa nimeegemeza mkono wa kulia kwenye ubao, nikaona wekundu kwenye pera, nikadhani ni komamanga. Sikuhisi kitu. Nilikaa chini nikauangalia ule mkono kama wa mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na mbili nilimwelewa Kaka. Nakwambia hili kwa sababu umeniambia ukweli na mimi sina budi. Nikafunga kidonda, nikaenda kwenye boksi la vifaa vya duka, nikatoa subana. Ninazo nne za chuma, za kukingia vidole sindano isichome. Sasa vidole vinne vya kulia vimevaa kofia. Kisu kikigonga, nasikia kwa sikio nisichosikia kwa ngozi. Kidole gumba nimekikunja ndani.

Usije. Sisemi kwa ubaya. Ukiwa hapa utanisaidia kwa macho, nami nitakutazama wewe badala ya papai. Halafu Kaka atasema tulikuwa wawili.

Dada yako


1 Aprili

Chiriku,

Natumaini kazi inaendelea. Mimi si mtu wa barua, lakini dada yako amekataa kukueleza yaliyotokea Jumapili, amesema nikueleze mimi, ili usiseme amejipamba. Basi hii ni taarifa.

Nilifika saa nne asubuhi. Nilimkuta amevaa aproni ya dukani na vidole vya mkono mbovu amevivika vile vikofia vya cherehani. Kiti changu kilikuwa kimewekwa kwenye kona, mbali na meza. Akasema, "Kaa." Nikakaa.

Alianza na moto. Mimi hapo ndipo nilipokuwa nangoja. Kiberiti alikibana kwenye droo ya meza, akaisukuma kwa nyonga, boksi likabaki limeng'ang'ania, akawasha kijiti kwa mkono mmoja. Sijawahi kuona. Akaweka bizari kwenye kikaango. Mimi nikamuuliza, je, mpini wa kikaango hauyumbi? Akageuka kunijibu. Kugeuka kule, bizari ikaungua. Moshi ukajaa jikoni.

Nakiri nilidhani yameisha. Nilisimama. Nikamwambia, "Umejitahidi, dada yangu. Hakuna anayesema hukujitahidi." Nilisema kwa upendo.

Alizima jiko. Akamwaga ile bizari kwenye ndoo ya taka, akakifuta kikaango, akasubiri kipoe. Hakuniangalia. Akasema, "Kaka, bado nina bizari. Wewe una kiti. Kila mtu akae na chake." Nikakaa.

Mara ya pili haikuungua. Alitwanga kinu kikiwa magotini. Matunda alikata muda mrefu, Chiriku. Mimi si mvumilivu, unajua. Tufaha moja liliruka kwenye misumari likabingirika mpaka kwenye kiatu changu. Niliinama, mkono ukaenda wenyewe. Akasema, "Liache." Akaja akichechemea, akainama kwa kushikilia meza, akaliokota, akaenda kuliosha, akalichomeka tena. Nilishika magoti yangu mwenyewe ili nisisimame. Niligundua jasho linanitoka mimi, si yeye.

Kisu kilimgonga kwenye vile vikofia mara kadhaa. Kila kikigonga kinalia tin, yeye anasogeza mkono, anaendelea. Mimi kila kikilia moyo unashuka gia.

Akakamua ndimu. Akaniwekea meza, akanyunyiza masala mbele yangu, akaonja kwa kijiko, akaongeza chumvi, akaonja tena. Vipande havikuwa saizi moja. Vingine kama punje, vingine kama kete. Aliniletea bakuli kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umelikinga kwa chini.

Nikala.

Unataka kujua ilikuwaje. Ilikuwa na uchachu wake, ikawa na ule moshi wa bizari, halafu ile chumvi ikaja nyuma. Nilikuwa sijala kitu kile tangu tuhame jengo lile. Nilitaka kusema vipande si sawa. Nikakuta nimemaliza bakuli. Nikaomba jingine. Akaniambia nichote mwenyewe, yeye amechoka, akakaa.

Kwa hiyo amepita. Mimi nikisema kitu nimesema. Maboksi nimeyarudisha kwenye gari.

Nilikuwa nimeshaandaa kila kitu, ujue. Kile chumba cha nyuma nilikipaka rangi mwenyewe, rangi ya maziwa, kwa sababu aliwahi kusema anaipenda. Nilinunua kitanda cha chini asipate tabu ya kupanda. Cherehani yake nilishaipimia mahali pa kukaa, dirishani. Sasa sijui kitakuwa chumba cha nini. Watoto wanakuja mwisho wa mwaka tu, na tangu wifi yenu atangulie hakuna anayetumia hata sebule. Nitakitafutia matumizi.

Ni hayo tu.

Kaka yenu


5 Aprili

Shikamoo Dada,

Nimepata barua ya Kaka. Nimeisoma jikoni nimesimama, na msaidizi wangu akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, dada yangu kaokota tufaha.

Nilikuwa na makosa kuhusu kisu na kuhusu moto. Kuhusu kuanguka ukiwa peke yako sina makosa, na nitaendelea kulisema mpaka unizibe mdomo.

Lakini sikuandika kwa hilo. Isome barua yake, ninaiambatanisha. Soma mwisho. Soma pale pa chumba. Sote wawili tulikuwa tunabishana kama wewe unaweza kukaa peke yako. Hakuna aliyemuuliza yeye.

Chiriku


16 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeisoma. Nimeirudisha kwenye bahasha, kwa sababu ni yako, na kwa sababu hakuandika ili niione.

Kuhusu kuanguka, tumeelewana. Mke wa fundi atakuwa ananigongea ukuta kila asubuhi akiamka, na mimi namgongea. Nisipogonga anakuja, ufunguo anao. Duka nimelifungua nusu siku. Kukata bado, mkasi wa mkono wa kushoto nimeagiza na haujafika, lakini kupinda na kutia vifungo naweza, pole pole, na wateja wanaonipenda wanangoja. Wasionipenda wana miguu. Na simu, unaweza kupiga sasa. Nikikwama kwenye neno, ningoje, litafika.

Kwa Kaka sikujua niseme nini. Nikimwambia "nimekuhurumia" atakasirika mpaka tarehe ya kufa. Basi Jumapili iliyopita alipokuja nilimlalamikia. Nilimwambia masala ya Chiriku yamebaki mengi, yatapoteza harufu, mimi siwezi kula matunda yote hayo peke yangu, na watu wa hapa hawaielewi ile chumvi. Nikamwambia itabidi anisaidie kila Jumapili, alete matunda, mimi nikate. Alijifanya kufikiri. Akasema ataangalia nafasi yake, kana kwamba kuna magari yanamsubiri. Halafu akauliza kama anaweza kukata ndizi tu, kwa kuwa ndizi ni laini. Nilimpa kisu. Anakata vibaya kuliko mimi. Nilimwambia, akanikatalia, tukapima vipande kwa kuvipanga mezani kama watoto. Nilimshinda.

Jana ilikuwa Jumatano. Nilikuwa natia vifungo, nikasikia gari limezimwa nje. Kufungua mlango, nikamkuta Kaka amesimama na papai kubwa kwapani, ameangalia pembeni. Akasema alikuwa anapita tu.

Unaijua nyumba yangu, Chiriku. Ni ya mwisho kwenye kichochoro, mbele yake kuna ukuta. Hakuna anayepita kwenda popote.

Nikamwambia ingia.

Dada yako